Mama Baharia: Matanga ya Aliye Hai

Msomaji wangu, usinilaumu. Najua wiki nzima umekaa na ule mkono baridi begani mwa Mama Baharia, na wapo waliokwisha kuapa kwamba ni mkono wa jini wa ngome. Hata mke wangu aliniuliza mezani. Nikakataa kumwambia, na chai nikainywa bila sukari.

Kwa aliyekuwa mbali na gazeti, nimdokezee. Mama Baharia ni fundi cherehani, mjane, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume. Mtoto huyo ni baharia, yuko kwenye meli kubwa huko ulimwenguni. Mtaa mzima unajua, kwa sababu mama mtu ameusimulia mpaka umechoka. Ndiyo maana wakampa jina hilo.

Mwezi uliopita jirani yake alikwenda matembezi ya siku moja, asubuhi mji wa kale, mchana ufukweni. Akarudi na picha kwenye simu. Nyuma ya jirani, kwenye kona ya picha moja, alionekana kijana amebeba mwamvuli mkubwa begani. Mama Baharia akaitazama, akasema, "Pazuri. Nitumie na mimi hiyo," akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa amemwona baharia wake, nchi kavu, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka nyumbani.

Akakata tiketi ya matembezi yaleyale, asimwambie mtu. Tulipoishia, alikuwa amepanda mnara wa ngome ili auone ufukwe wote kwa mbali, ameshuka, na amelikuta basi linaondoka na mkoba wake, simu yake na ile picha. Hapo ndipo mkono ukamshika bega, baridi kama wa maiti.

Haya, twende.

"Mama," sauti ikasema nyuma yake, "sogea kidogo. Umenizibia njia."

Mama Baharia akageuka. Mkono ulikuwa wa mwanamke mnene, mwenye buti za mpira na aproni ya plastiki. Begani amejitwika gunia la barafu linalomdondokea mgongoni. Jini gani anauza barafu, msomaji? Nilikuambia uache kuapa.

"Basi langu limeniacha," Mama Baharia akasema.

"Basi gani?"

"Lile."

Wote wawili wakatazama. Basi lilikunja kona ya ukuta wa ngome, likapotea.

"Hawakuwahesabu?" muuza barafu akauliza. "Watu wa matembezi wanahesabiwa, jamani."

Hapo ndipo penye kasoro, na lazima nikueleze. Kijana anayeongoza matembezi yale, yule mwenye kofia nyekundu wanayemwita Kiongozi, hahesabu watu. Alilelewa na bibi aliyemwambia kwamba watu hawahesabiwi kama mbuzi, ni kuwatakia mabaya. Kwa hiyo ana njia yake. Kabla basi halijaondoka husimama mbele na kuuliza, "Jirani yupo?" Kila abiria humwangalia aliyekaa naye, kisha anajibu, "Yupo." Ni njia ya kiungwana, na haijawahi kumpoteza mtu, maana wateja wake ni mume na mke, mama na binti, rafiki na rafiki yake.

Mama Baharia alikaa kiti cha nyuma peke yake. Pembeni alilaza koti lake. Hakuwa na jirani wa kusema kwamba hayupo.

Jambo hilo alilielewa palepale langoni, na likamuuma kuliko kuachwa kwenyewe. Kuachwa na basi ni bahati mbaya, humpata yeyote. Lakini tangu mumewe afariki na mwanawe aondoke, aliwahi kuugua wiki nzima, na aliyebisha hodi alikuwa mteja anayetaka gauni lake.

"Sina wa kunihesabu," akasema.

Muuza barafu akamtazama vizuri. "Wameelekea ufukweni?"

"Ndiyo."

"Basi ngoja niwaingizie hawa wa mgahawa barafu yao, halafu tuondoke. Hoteli zote za kule zinanisubiri mimi. Lakini miguu yako italowa, nakuambia mapema."

Gari la Bi Barafu, maana ndivyo alivyojitambulisha, lilikuwa na harufu ya maji na mpira. Likapita kwenye vichochoro vya mji wa kale huku yeye akitoa mkono dirishani na kukikunja kioo cha pembeni kila penye ukuta mwembamba, kisha akikikunjua, bila kukatisha maneno.

"Na wewe umekuja kutembea peke yako? Una moyo. Mimi peke yangu hata sokoni siendi."

"Kuna kijana namtafuta. Anafanya kazi ufukweni."

"Umefika. Wa kule wote nawajua, hata madeni yao. Yukoje?"

Picha ilikuwa imekwenda na basi. Mama Baharia akafumba macho ili amwone mwanawe vizuri.

"Ana masikio yaliyosimama," akasema. "Maziwa yakiwa na utando hanywi. Akilala anafunika kichwa, miguu anaiacha nje. Ukimkaripia anatazama kidole gumba cha mguu."

Bi Barafu akacheka mpaka usukani ukayumba. "Mama, huyo ana umri gani?"

"Amekwisha kupita thelathini."

"Unanieleza mtoto wa chekechea. Nieleze mwanamume. Mnene, mwembamba? Ana ndevu?"

Mama Baharia akageukia dirisha. Ndevu hakujua. Sauti yake aliijua, kwa simu ile ya mara moja moja yenye kelele za upepo, upepo ambao siku zote alidhani ni wa baharini katikati. Lakini uso wa sasa hakuwa nao. Akakaa akitazama maji yanayotiririka sakafuni na kumlowesha viatu, na aibu ikamshika kana kwamba amesahau jina lake.

"Anajua kushona," akasema mwishowe. "Alikulia chini ya meza ya cherehani."

Mguu wa Bi Barafu ukagusa breki.

"Sindano."

"Nani?"

"Sindano, fundi wa miamvuli. Upepo wa kule unachana miamvuli kila wiki, na hoteli zote zinampelekea yeye. Anashona vizuri, ila rangi zake ni kichekesho. Mwamvuli mwekundu, kiraka anatia cha kijani. Wageni wanadhani ndio mtindo, wanapiga picha."

Mama Baharia akamgeukia. Tangu utotoni, mtoto yule alikuwa akitumwa uzi mwekundu analeta wa kijani. Alipigwa, akafokewa, akaambiwa ana akili za kuku. Kesho yake analeta wa kijani tena.

"Ndiye," akasema.

"Mtu mpole yule," Bi Barafu akaendelea. "Ila maskini, ni yatima."

"Baba yake alifariki, kweli."

"Na mama pia."

Gari likatoka vichochoroni, likashika barabara ya pwani. Mama Baharia alisikia vizuri. Akataka kusikia tena.

"Umesema mama yake amefanyaje?"

"Amefariki, tangu mwaka jana. Mimi mwenyewe nilikaa matangani. Tulifunga turubai nyuma ya hoteli, tukalala hapo na Sindano mpaka matanga yakaisha. Barafu ya maji ya waombolezaji nilitoa mimi. Yule kijana alilia, mama. Alilia mpaka nikasema, huyu marehemu lazima alikuwa mtu wa watu."

Marehemu alikuwa amekaa pembeni yake, miguu imelowa, mikono imeshikana mapajani.

"Aliugua nini?" akauliza baadaye.

"Presha. Ghafla tu." Bi Barafu akamtupia jicho. "Kwani wewe ni nani wake?"

Swali hilo, msomaji, lilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa kweli, na kama angelitamka, kabla ya jua kuzama ufukwe mzima ungejua kwamba Sindano aliwalaza watu kwenye turubai kwa msiba wa mtu anayetembea. Angemkuta mwanawe akiwa kichekesho. Jibu la pili lilikuwa uongo, na fundi cherehani hashindwi na uongo. Mtu aliyewaambia watu "njoo kesho iko tayari" maisha yake yote atashindwa na nini?

"Mimi ni shangazi yake," akasema. "Dada wa baba yake."

"Shangazi! Na hawakukuletea habari ya msiba?"

"Nilikuwa mbali."

"Jamani, nami nimekubwagia hivi hivi, mdomo wangu huu. Pole, dada yangu. Pole sana." Bi Barafu akasimamisha gari pembeni mwa barabara, akamkumbatia kwa mikono yake ya baridi, akatoa na machozi. "Hukubahatika hata kumzika wifi yako."

"Ndiyo kazi ya Mungu," Mama Baharia akajibu, akipokea rambirambi za kifo chake mwenyewe.

Ufukweni basi lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli, na watu wa matembezi wamekaa kwenye meza ndefu wanakula. Kiongozi alimwona akija, akampungia uma.

"Mama, karibu, chakula kinapoa. Ulikuwa msalani?"

"Nilikuwa ngomeni."

"Ngome ipi?"

"Ile uliyoniachia."

Kiongozi akacheka, akawatafsiria wengine kwamba mama ana utani. Mwanamke mmoja mwenye kofia pana akamwunga mkono. "Alikuwa kalala nyuma njia nzima. Mimi nilimwona."

Alichokiona ni koti. Mama Baharia hakubishana naye. Akapanda ndani ya basi, akalikuta koti limelala vilevile alivyoliacha, akachukua mkoba wake na kushuka. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Kiongozi alisema kwa wote, mdomo umejaa, kwamba safari ya kurudi ni saa kumi na honi ikilia watu wawe tayari.

Bi Barafu alimngojea nyuma ya jiko la hoteli. Wakapita kwenye majani makavu, wakapita kwenye kamba za mashuka, wakafika kwenye banda la mabati lililo wazi upande mmoja. Miamvuli ilikuwa imelazwa pale mbavu nje, na katikati yake cherehani nyeusi ya chuma, ya mguu, ndugu wa ile ya nyumbani. Mwanamume mwembamba alikuwa ameinama juu yake, amewapa mgongo.

Mama Baharia aliitambua shingo. Ile hakuhitaji picha.

"Sindano, acha kazi," Bi Barafu akasema. "Nimekuletea mgeni. Shangazi yako huyu."

Sindano akageuka huku akicheka, kwa sababu hana shangazi. Baba yake alizaliwa peke yake na akafa akilalamikia jambo hilo. Alikuwa tayari kumwambia mgeni kwamba amepotea njia.

Kicheko kikakatika.

Alikuwa na ndevu.

Walitazamana muda ambao kwa kawaida ungetosha kutia uzi kwenye sindano. Kijana alikuwa na nafasi ya kusema lolote. Angeweza kulia, kukimbia, au kuanguka. Macho yake yakashuka chini, kwenye kidole gumba cha mguu.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

Kama kuna kisu kinachokata bila damu, ni kile. Mama Baharia alikuwa amejipachika ushangazi mwenyewe, kweli, lakini alikuwa amejipachika akitumaini kupokonywa.

"Marahaba, mwanangu."

Bi Barafu akavuta kreti la soda, akakaa. "Msinijali," akasema. "Ongeeni. Mimi napumzisha miguu."

"Nimesikia habari za msiba," Mama Baharia akaanza, akijikalisha kwenye ukingo wa benchi. "Aliugua nini mama yako?"

"Hakuugua," Sindano akasema.

"Presha," Bi Barafu akamkumbusha. "Ulisema presha."

"Presha."

"Alikuwa nayo," Mama Baharia akakubali. "Nilimwona akipimwa. Na alizikwa wapi?"

Sindano akashika mkasi, akauweka, akaushika tena. "Nyumbani."

"Nani alimwosha?"

"Majirani."

"Majirani wale? Walifika?"

Kijana akaufungua mkasi na kuufunga. Bi Barafu akapangusa macho kwa pindo la aproni. Kutoka jikoni sauti ya mpishi ikaita barafu, ikaita tena kwa hasira. Bi Barafu akanyanyuka kwa uchungu wa mtu anayetolewa kwenye sinema kabla mshtakiwa hajahukumiwa.

"Narudi sasa hivi," akaahidi.

Alipopotea nyuma ya mashuka, Sindano akanong'ona, "Mama. Umekuja na nani?"

"Nije na nani? Nina nani mimi?"

"Nani mwingine anajua niko hapa?"

"Hakuna. Jirani alikupiga picha na hakukuona. Mimi nilikuona." Akamsogelea. "Kwa nini umeniua?"

Sindano akatazama nje, kisha akasema haraka, kama mtu anayetema kitu kilichokaa mdomoni muda mrefu.

"Meli ilikuwapo, mama. Sikukudanganya. Kazi nilipata, na bandarini nikafika. Daktari wa bandari akaniwashia taa, akaniuliza ipi nyekundu, ipi ya kijani. Nikamwambia zote sawa. Akanitazama kwa huruma, akasema baharia asiyejua rangi za taa atazamisha watu. Akanirudisha."

Mama Baharia akakumbuka ule uzi. Akakumbuka na mkono wake ulivyompiga. Mkono huohuo ukaanza kuuma.

"Nikarudi nyumbani," Sindano akaendelea. "Ndiyo, usishangae, nilirudi. Hata mwezi haujaisha. Nilifika jioni nikasimama dirishani kwako. Ulikuwa unampima mteja gauni. Nikakusikia unamwambia mwanangu kapandishwa cheo, anakula meza moja na nahodha, kazi zote ngumu anaitwa yeye. Nilikuwa nje na viatu vya kuazima. Nikasema, huyo anayesifiwa mle ndani mimi simjui, na sina nguvu ya kumfukuza ili nikae mahali pake. Nikaondoka."

"Ulikuwa hujapiga simu," Mama Baharia akasema.

"Najua."

"Hujui. Watu walikuwa wakiingia, kila mmoja anauliza, vipi mtoto? Niseme nini? Sikuwa na habari, nikazishona mwenyewe. Nashinda na cherehani, nalala na cherehani. Nikianza kukuzungumzia, nyumba inakuwa na mtu. Wakiondoka, naendelea peke yangu. Wewe ulisikia majivuno. Ulikuwa upweke ule."

Sindano akajipangusa uso kwa kipande cha turubai.

"Sikusema umekufa," akasema. "Mwisho wa mwaka wenzangu walikuwa wakifunga mizigo kwenda kwao. Wakaniuliza, wewe huendi kwenu? Nikasema kwetu hakuna mtu. Wakauliza, na mama? Nikanyamaza. Nilikosa la kusema, nikanyamaza, wakaanza kunishika mabega. Kufika jioni turubai limekwisha kufungwa."

"Ungewakatalia."

"Nilitaka. Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza kulia, mama, na sikuwa nalia uongo."

Upepo ukapita, miamvuli ikagongana mbavu. Mama Baharia akasimama, akashusha mkono wa cherehani kama anavyofunga kazi kwake.

"Chukua nguo zako. Basi linaondoka saa kumi. Mtaani nitasema mwenyewe. Nitawaita wote waliowahi kunisikia, nitawaambia baharia sina, nina fundi mwenzangu. Wakitaka kucheka, wacheke, nimewachekesha bure miaka mingi."

Hapo alitegemea mambo mawili, ama mwanawe akubali, ama aone haya. Sindano hakufanya lolote kati ya hayo. Alitikisa kichwa na kutazama nyuma ya mashuka.

"Siwezi. Si kwa ajili ya mtaa. Hapa pia kuna watu."

"Bi Barafu? Nitazungumza naye."

"Si Bi Barafu."

"Shangazi yuko wapi?" sauti ya kike ikauliza nje. "Bi Barafu kaniambia, nimeacha ufagio katikati ya chumba cha mgeni."

Akaingia binti aliyevaa sare ya wafagizi wa hoteli, anahema, na mtoto wa kike kiunoni. Akapiga goti mchangani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," Mama Baharia akajibu, bila kujua anamjibu nani.

"Mimi ni mke wake. Najua hakukuambia. Huyu bwana hasemi." Akacheka kidogo, akamtazama mumewe kwa mapenzi, kisha akamwinua mtoto. "Mpokee mjukuu wako. Tumempa jina la marehemu bibi yake."

Na akalitamka.

Lilikuwa jina ambalo Mama Baharia hakulisikia likiitwa tangu siku ya mwisho ya mumewe. Mtaani hakuna aliyekuwa akilijua tena. Sasa lilikuwa la mtu mdogo mwenye masikio yaliyosimama, aliyemkodolea macho na kumshika ukosi wa gauni kwa vidole vyenye mchanga. Mama Baharia akamkumbatia. Alikuwa na uzito mzuri. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu alipomshika nguo bila kutaka apimwe, na hakukumbuka.

"Nililia sana kwamba sikumwahi mkwe wangu," binti akasema, akijifuta kiganja. "Mume wangu nikimwuliza habari zake anatoka nje. Wewe ulimjua. Niambie, shangazi. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nyuma ya bega la mkewe, Sindano alisimama na mkasi mkononi. Hakumkonyeza mama yake, hakumwomba kwa macho. Alitazama chini tu.

Mama Baharia akapima mambo haraka, kama anavyopima kitambaa kidogo chenye kazi kubwa. Akisema kweli, huyu binti atajua kwamba amelala na uongo mwaka mzima na kumvisha nao mtoto wake. Akinyamaza, atakuja tena. Atakuja kila mara kama shangazi, atambeba mtoto, ataitwa bibi, atapikiwa. Hakutakuwa tena na wiki ya kuugua bila mtu kujua. Kufa kulikuwa na faida zake. Ada yake ilikuwa neno moja tu, ambalo hataitwa tena na mtoto aliyemzaa.

"Alikuwa mpweke," akasema.

Binti akasogea karibu.

"Ndiyo maana alisema sana. Watu walidhani ana majivuno. Alikuwa na mtoto mmoja, akamsifu kwa watu mpaka mtoto mwenyewe akakosa pa kusimama. Hakujua. Angejua, angenyamaza."

"Lakini alimpenda?"

"Alimpenda, mwanangu. Hilo usilitilie shaka hata siku moja."

"Laiti angekuwapo akamwona huyu," binti akasema.

Kutoka kwenye kivuli honi ya basi ikalia.

Mama Baharia akambusu mtoto kwenye sikio, akamrudisha kwa mama yake. Ilibidi avitoe vile vidole kimoja kimoja kwenye ukosi. "Nitakuja tena," akasema. "Kaeni vizuri. Mume wako mpe chakula, amekonda." Akamshika Sindano kichwa, kama shangazi yeyote angefanya, akatoka.

Bi Barafu alikuwa anarudi na gunia begani. "Unaondoka, shangazi? Hata hujakaa."

"Basi haliningoji. Umeona mwenyewe."

Akashika njia ya mchangani. Viatu vilikuwa bado vimelowa na mchanga ukamgandia, mwendo ukawa mzito. Akajiambia asigeuke. Amemwona, ni mzima, ana mke, ana mtoto. Mama gani angetaka zaidi? Alijiuliza hivyo mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa yeye.

"Mama."

Hakugeuka. Ufukweni kila mwanamke wa makamo ni mama, na wauza shanga huita hivyo kutwa.

"Mama!"

Hiyo ya pili haikuwa sauti ya fundi wa miamvuli mwenye ndevu. Ilikuwa ya mtoto aliyeamka chini ya meza akaikuta cherehani imenyamaza. Miguu ya Mama Baharia ikasimama bila kumwomba ruhusa.

Bi Barafu akashusha gunia taratibu mchangani. Mpishi akachungulia mlangoni. Sindano alikuwa ametoka bandani, hana mkasi, hana kiatu. Mkewe akamtazama. Akautazama mgongo wa yule mwanamke aliyesimama. Kisha akayatazama masikio ya mtoto wake kwa muda mrefu.

"Mume wangu," akauliza polepole, "unamwita nani?"